Noti Kuukuu za Kashani



Bibi wa Kimvita akitaka kueleza kwamba mkoba wake ni mtupu husema, "Sina hata thumuni." Kila mtu humwelewa, ilhali thumuni yenyewe haina kitu inachoweza kununua leo. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya nane. Ni moja ya nane ya riale, ile sarafu kubwa ya fedha iliyozunguka pwani yetu kabla ya babu zetu kuijua noti. Riale ilikuwa takriban rupia mbili, rupia ilipokuja kugeuzwa ikawa shilingi mbili, basi riale ikawa kama shilingi nne. Ukiigawa nane unapata nusu shilingi, na ndiyo senti hamsini iliyoitwa thumuni hadi sisi tulipozaliwa. Serikali zilibadilika mara tatu na sarafu zikabadilika mara nyingi zaidi, lakini hesabu ya riale ilibaki kinywani mwa bibi.

Vivyo hivyo neno pesa, ambalo wengi wanalihusisha na paisa ya Kihindi. Na pauni, ambayo wazee bado huitaja wakikusudia shilingi ishirini. Na peni, iliyokuwa senti kumi. Na ndururu, senti tano. Atakaye kujua historia ya fedha pwani asianzie maktaba. Aanze kwa kuwasikiliza wazee wakipatana bei.

Makala haya yanahusu karatasi, yaani noti zilizokwisha muda wake, ambazo katika miji yetu hukutwa mahali ambapo mkusanyaji wa Ulaya hangefikiria kutafuta: ndani ya kasha la msaji chini ya nguo za sikukuu, kati ya kurasa za kitabu cha maulidi, ndani ya mto wa sufi, au katika ncha ya leso iliyofungwa fundo na kusahauliwa.

Ziko sababu za fedha ya pwani kukaa nyumbani badala ya benki. Moja ni riba. Familia nyingi zilizojichunga hazikutaka jina lao liandikwe katika daftari lenye faida ya riba, na benki za kwanza nchini zinazofuata sharia zilifungua milango mwaka 2008 tu. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja tangu noti ya kwanza kutolewa hapa, mcha Mungu mwenye akiba alikuwa na kasha lake na uaminifu wa jamaa zake. Sababu ya pili ni kwamba akiba ile aghalabu ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa mahari yake, au faida ya vitumbua na mahamri, au zawadi ya harusi, au hisa yake katika mnazi uliouzwa. Hakuihesabu mbele ya watu. Ndiyo maana nyingi ya noti hizi hujitokeza siku ya kugawa mirathi, mwenyewe akiwa hayupo tena kusema zilitoka wapi.

Mjane mmoja wa Kibokoni alinifungulia bahasha ya mama mkwe wake, marehemu. Ndani mlikuwa na noti kumi na nane za shilingi elfu moja, zile za zamani zenye ndovu nyuma. Chini yake kulikuwa na noti moja ya shilingi tano yenye sura ya Mfalme George wa Sita, imekunjwa mara nne hadi imekaribia kukatika.

"Mama, hizi elfu hamkuzipeleka kubadilishwa?" nilimuuliza.

"Tungezipelekaje, mwanangu, na hakuna aliyejua kuwa zipo? Tumefungua kasha baada ya kumaliza eda."

Kisha akaigusa ile noti ya Mfalme kwa kidole. "Hii ya mkoloni naambiwa ina watu wanaoitafuta. Na hizi za juzi, ambazo zingemlipia mjukuu wake karo, hazina kitu. Hebu nieleze hesabu hiyo."

Ni swali la haki, na jibu lake ni refu kidogo.

Riale, pesa na mizani

Tuanze kabla ya karatasi. Riale iliyopendwa kuliko zote pwani na Uarabuni ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kufa kwake, sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Kwa hiyo mtu akikuletea riale yenye tarehe hiyo na kukuapia kwamba ina zaidi ya miaka mia mbili, usimkatalie wala usimsadiki. Huenda ilipigwa katika karne ya ishirini. Uzito wake ni gramu 28 na fedha halisi iliyomo ni kama gramu 23.4. Wasonara wetu waliijua vyema, maana riale nyingi ziliyeyushwa zikawa vikuku na furungu. Bibi aliyevaa furungu miguuni alikuwa akitembea na akiba yake.

Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake za shaba mwaka 1299 wa Hijria, zikiwa na mchoro wa mizani. Mombasa nayo ilipata sarafu yenye jina lake mwaka 1888, sawa na 1306 Hijria. Kampuni ya Kiingereza iliyokabidhiwa kuendesha pwani kwa niaba ya Sultani ilitengenezesha pesa za shaba na baadaye vipande vya fedha, na juu yake mna maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu pamoja. Pesa sitini na nne zilitimiza rupia moja. Kampuni ile haikudumu, kwani mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi na kuitangaza himaya, lakini pesa zake bado hufukuliwa katika viwanja vya Mji wa Kale mtu anapochimba msingi. Ikiwa umeokota moja, ujue jambo ambalo watu wengi hawalijui. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila ya kibali. Binamu anayerudi Muscat au Toronto asikitie mfukoni kama kipusa cha kumbukumbu.

Rupia ya karatasi

Noti za kwanza za himaya hii zilitolewa mwaka 1905, na zilitolewa Mombasa. Zilikuwa za rupia, kuanzia 5 hadi 500, kwa kuwa fedha ya Kihindi ndiyo iliyotawala kuanzia Lamu hadi Kampala. Mtu wa kawaida hakuzigusa. Rupia tano wakati ule zilikuwa karibu mshahara wa mwezi wa kibarua, na rupia mia tano ni mali ya tajiri wa pembe au wa nguo. Kwa sababu hiyo noti za 1905 ni adimu mno leo. Zilikuwa chache tangu mwanzo, zikashikwa na wachache, na wachache hao walizirudisha benki walipoamriwa.

Unguja ilifuata mwaka 1908, zama za Sultani Ali bin Hamud. Noti zake, kwa maoni yangu, ndizo nzuri kuliko zote zilizowahi kutumika katika mwambao huu. Hazina sura ya mfalme yeyote. Kilichochorwa ni jahazi limetweka tanga, na maandishi yanaahidi kumlipa mwenye noti huko huko Unguja. Zilianza na rupia 5 kwenda juu, na mwaka 1920 ikaongezwa noti ya rupia moja. Rupia ya Unguja iliendelea hadi tarehe 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki.

Hapa ndipo familia zilizokuwa na mguu mmoja Mombasa na mmoja Unguja zilipoona ajabu. Rupia ya Kenya ilikuwa imegeuzwa kwa kipimo cha shilingi mbili. Ya Unguja, miaka kumi na mitano baadaye, ikageuzwa kwa shilingi moja na nusu. Dada wawili, mmoja ameolewa Kilindini na mwenziwe Malindi ya Unguja, kila mmoja akiwa ameandikiwa mahari ya rupia mia, mmoja alihesabiwa shilingi mia mbili na mwingine mia na hamsini. Hakuna aliyedhulumu katika ndoa hizo. Ofisi ya London ndiyo iliyokuwa ikishika kalamu.

Mwaka wa florini

Kati ya mabadiliko yote, yaliyoacha kovu zaidi ni ya 1920 na 1921. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, rupia kumi na tano zilikuwa pauni moja ya Kiingereza. Vita vilipopandisha bei ya madini ya fedha, rupia nayo ilipanda, kwa kuwa yenyewe ilikuwa madini ya fedha. Walowezi wa bara walikuwa wamekopa kwa rupia na wakiuza mazao yao kwa pauni, hivyo kila rupia ilipopanda deni lao lilikuwa zito zaidi. Wakapiga kelele. Serikali ikaamua kuitenga nchi na rupia ya India. Mwezi Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London, na mwaka 1920 ikatolewa fedha mpya iitwayo florini, yenye thamani ya shilingi mbili za Kiingereza, badala ya rupia moja.

Noti ya florini moja, ya tarehe 1 Mei 1920, ina sura ya Mfalme George wa Tano, na kiboko. Haikuishi. Kabla watu hawajazoea jina lake, ikaja amri nyingine ya kuivunja florini kuwa shilingi mbili, na shilingi ikashika mahali pake mnamo 1921 na 1922. Rupia ya Kihindi, ambayo wanawake wa pwani walikuwa wameifukia, wameivaa shingoni na kuiandikia mahari, iliondolewa katika fedha halali mwaka 1921. Aliyekuwa karibu na mji na habari alibadilisha. Aliyekuwa kisiwani au shambani, mbali na karani wa serikali, alibaki na madini. Na heri yake kwamba yalikuwa madini, maana sonara angeyapima. Mwenye karatasi ya rupia hakuwa na hata hilo.

Jambo la mishahara ni la kusikitisha zaidi. Biashara ilipodorora mwaka 1921, waajiri wakizungu walikubaliana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi. Tuseme mtu alikuwa akilipwa rupia sita: zikawa florini sita, zikawa shilingi kumi na mbili, kisha zikakatwa zikabaki nane. Jina la fedha lilibadilika mara mbili ndani ya miaka miwili, na mtu asiyejua kusoma angejuaje ni kiasi gani alichonyang'anywa? Ukataji huu wa ujira ni miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku mjini Nairobi. Alipokamatwa, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi tarehe 16 Machi 1922, na mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawahimiza wanaume waliokuwa wakisitasita. Askari walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, mji wa pwani kama yetu. Kwa hiyo noti ya florini inapoonyeshwa kama pambo kwa sababu ya uchache wake, mimi naona vyema ionyeshwe pamoja na habari hii.

Karibu yetu, upande wa pili wa mpaka wa Vanga, Wajerumani nao walikuwa na rupia yao na hela yao ndogo. Wakati wa vita, walipokatiwa njia ya bahari, walichapisha noti za dharura kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zimebaki nyingi, na rangi yake mbovu ndiyo inayozitambulisha. Neno hela ndilo lililodumu. Hutumika Tanzania nzima kwa maana ya fedha, na wanaolitumia hawakumbuki Berlin hata kidogo.

Herufi ambazo bibi aliweza kuzisoma

Tukifika kwenye shilingi, tumefika kwenye noti ambazo kweli zimo makashani. Bodi ya Sarafu ilitoa shilingi 5, 10, 20, 100 na zaidi, hata ikawa na noti ya shilingi 10,000, ambayo sidhani kama kuna kasha la pwani lililowahi kuilaza. Katika noti za shilingi ishirini iliandikwa pia kwamba hiyo ni pauni moja, na ndiyo asili ya wazee kuiita hivyo. Nyuma mna simba amesimama na milima nyuma yake. Wafalme hubadilika: George wa Tano, George wa Sita, kisha Elizabeth. Noti za kuanzia miaka ya 1930 zinasema Nairobi, maana mamlaka yalikuwa yamehama kutoka bandarini.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitolewa noti ya shilingi moja, ya tarehe 1 Januari 1943. Ni noti ndogo, na ni ya kipekee, kwa kuwa kabla yake na baada yake shilingi moja ilikuwa sarafu. Majeshi yaliyotoka Kenya kwenda Somalia na Uhabeshi yalikwenda na fedha hii, ikatumika huko pia. Jamaa zetu wa Kibarawa na wa Kismayu wamekuwa wakikuta noti hizi katika mali za wazee wao kama tunavyozikuta sisi.

Kuna jambo katika noti hizi ambalo wanaozikusanya kwa pesa hawalitazami. Pamoja na Kiingereza, thamani imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kigujarati. Mwanamke wa pwani wa miaka ile hakupelekwa skuli ya serikali, lakini alipelekwa chuoni. Alisoma msahafu, na wengi waliandika barua na mashairi ya Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Kwa hesabu ya serikali alikuwa hajui kusoma. Alipopewa noti dukani, hata hivyo, aliisoma mwenyewe wala hakuhitaji kijana amwambie ni ngapi. Mwenye duka Mhindi naye aliisoma kwa yake. Noti moja, wasomaji watatu, kila mmoja na hati yake.

Mwaka 1964, nchi zikiwa zimepata uhuru, Bodi ilitoa noti za mwisho bila ya sura ya Malkia. Mahali pake pakawekwa chombo cha tanga, na wengi hapa huapa kuwa ni jahazi la Bandari ya Kale. La hasha, ni chombo cha Ziwa Viktoria, na wakusanyaji wote huziita noti za ziwa. Mwaka uliotangulia, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa imeteremshwa Ngome ya Yesu, na ukanda wa maili kumi ukaingia Kenya moja kwa moja.

Benki Kuu ilianzishwa 1966, na mwezi Septemba mwaka huo ikatoa noti zake za kwanza, za shilingi 5, 10, 20, 50 na 100, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Lugha zikabaki mbili, Kiingereza na Kiswahili, zote kwa herufi za Kilatini. Kiswahili kuwekwa juu ya fedha ya nchi ni heshima, na tuifurahie, ingawa walioandika waliandika Banki Kuu, na Waswahili tumekuwa tukiitazama ile "a" kwa zaidi ya miaka hamsini bila ya mtu kutusikiliza. Lakini siku ile bibi wa chuoni, aliyekuwa msomaji wa noti, aligeuka kuwa asiyejua kusoma. Noti za 1966 alizitambua kwa rangi.

Kuanzia hapo mambo tunayajua. Ya Mzee Kenyatta yakafuatwa na ya Rais Moi kuanzia 1980. Noti ndogo zikawa sarafu, ile ya shilingi tano mwaka 1985. Sura ya Mzee ikarudi baadaye, na noti ya shilingi hamsini ikapambwa kwa msafara wa ngamia uliowapendeza watoto wa Garissa na Tana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote katika fedha. Noti mpya zilitangazwa tarehe 1 Juni 2019, na pamoja nazo likatangazwa jambo lililomkuta mjane wetu: noti ya zamani ya shilingi elfu ingekoma kuwa halali baada ya tarehe 30 Septemba. Miezi minne. Benki Kuu baadaye ilisema kwamba noti milioni 7.4 hivi hazikurudi, na zikawa karatasi. Iliaminika kwamba nyingi ya hizo ni fedha za magendo na rushwa, na huenda ni kweli. Lakini katika hesabu hiyo zimo pia noti kumi na nane za mwanamke aliyeuza vitumbua. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa wakati ule.

Basi hesabu aliyoniuliza ni hii. Noti ikifutwa, ahadi iliyo juu yake imekufa, na inabaki karatasi. Karatasi hiyo hutafutwa iwapo zimebaki chache na iwapo ina habari ya kusimulia. Noti ya Mfalme imepoteza ahadi yake zamani, wenziwe wameoza au wamechomwa, kwa hivyo yupo anayeitaka, ingawa si kwa utajiri. Zile elfu zimekufa juzi, na zipo mamilioni. Mjukuu wa mjukuu wake huenda akaulizwa bei.

Zilizokuja na mahujaji

Baadhi ya karatasi zinazokutwa pwani hazikutolewa na serikali yetu yoyote. Saudi Arabia haikuwa na noti hadi mwaka 1953, watu wakitumia riyali za fedha na dhahabu. Hujaji hawezi kubeba mfuko wa madini. Mwaka huo, wakati wa Hija, mamlaka ya fedha ya nchi hiyo ilitoa stakabadhi za riyali kumi kwa ajili ya mahujaji, zenye maelezo kwa lugha kadhaa za Waislamu, na baadaye zikafuata za riyali tano na moja. Wenyeji walizipenda wakazitumia wao wenyewe, na stakabadhi ikawa noti kwa desturi kabla ya kuwa noti kwa sheria. Ziliondolewa katikati ya miaka ya 1960. Hujaji wa Lamu au wa Mombasa aliyerudi na moja aliiweka kwa baraka, si kwa matumizi.

India nayo mwaka 1959 ilitoa noti maalumu za Hija, za rupia 10 na 100, nambari zake zikianza na herufi HA, na mwaka huohuo ikatoa rupia za rangi tofauti kwa ajili ya nchi za Ghuba, ili kuzuia rupia za kawaida zisitumike kununulia dhahabu ya magendo. Manahodha waliokuja na kaskazi wakileta tende na mazulia, wakaondoka na kusi wakiwa na boriti za mikoko, walizijua fedha hizo. Ukikuta moja kashani, usiseme ni ya India tu ukaitupa. Ulizia kama kuna babu aliyesafiri.

Ukifungua kasha

Hewa yetu ni adui wa karatasi. Chumvi na unyevu huilainisha, mchwa humaliza kazi. Noti isifuliwe, isipigwe pasi, isibandikwe kwa utepe wa gundi hata kama imechanika, wala isitiwe ndani ya plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, maana hapo haitoki tena. Mafuta ya nazi mikononi yafutwe kwanza. Moshi wa udi huacha rangi, kwa hivyo kasha la kufukizia nguo si mahali pake. Albamu yenye mifuko ya plastiki isiyonuka inatosha, ikae kavu na gizani. Noti iliyokunjwa muda mrefu ifunguliwe polepole, ilazwe kati ya karatasi nyeupe safi na kitabu kizito kiwekwe juu. Siku chache zitamaliza kazi.

Jihadharini na matapeli. Huzunguka katika simu habari kwamba noti ya shilingi ishirini ya Mzee Kenyatta, au sarafu fulani ya Moi, inanunuliwa kwa mamilioni. Aliyevutwa huombwa picha, kisha nambari ya kitambulisho, kisha "ada ya usajili", na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Noti za miaka ya 1970 zipo nyingi mno. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji amlipe.

Mirathi nayo ni mlango wa ugomvi. Noti kuukuu ni mali ya marehemu kama sufuria na kitanda chake, hata ikiwa hakuna anayejua bei. Si halali ndugu mmoja kuitia mfukoni kwa kusema ni takataka, kisha akaiuza kimya kimya. Ionyeshwe kwa warithi wote, na wakubaliane nani abaki nayo.

Na kwa wenye sarafu za fedha, kuna suala la zaka ambalo husahauliwa. Kwa hesabu iliyoenea nisabu ya fedha ni gramu 595. Riale ishirini na sita za Maria Theresa zinafikia hapo kwa fedha halisi iliyomo, na rupia za zamani kama hamsini na sita vilevile. Aliye na mfuko wa babu amwone sheikh wake na mizani ya sonara. Karatasi zilizokufa ni jambo jingine, ila kwa anayezifanyia biashara, naye pia aulize.

Mwisho, habari ya noti huondoka na mwenye noti. Mzee akiwa bado yu hai, aulizwe: ilitoka kwa nani, ilikuwa bei ya kitu gani, kwa nini haikutumika. Jibu liandikwe kwenye kipande cha karatasi kando, si juu ya noti yenyewe, kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina lake na tarehe ya siku aliyosema. Mjane wa Kibokoni ameshaandika yake. Inasema kwamba shilingi tano za Mfalme zilikuwa bei ya doti ya leso ambayo mama mkwe wake hakuinunua, na chini yake amewaachia nafasi wajukuu waandike habari ya zile kumi na nane.